Soli

Baba alikuwa fundi viatu, Mtaa wa Narung'ombe,
barazani, chini ya bango la saa
iliyokufa kabla sijazaliwa.
Hakushika majina. Alishika soli.
"Huyu," angesema, akigeuza kiatu kama asomaye barua,
"anakanyaga kwa nje. Kisigino cha kulia kinalika upande.
Ananidai salamu, namdai elfu mbili, tangu Mfungo Sita."

Na mdaiwa akirudi na viatu vipya,
ndevu kanyoa, miwani kavaa, lafudhi kabadili,
Baba hamtazami uso.
"Kaka, hebu geuza mguu."

Leo, saa nane za usiku, Upanga,
nimekaa na jokofu la nyuzi themanini chini ya sifuri.
Umeme umekatika tangu saa tano.
Jenereta linakohoa dizeli ya mwisho,
na Mwinshehe mlinzi ameshika dumu kuelekea Fire.
Ndani ya jokofu mna vichupa ishirini na sita.
Ndani ya kila kichupa, barua.

Shangazi Sikudhani bado ananiuliza
kama tunabadilisha damu za watu.
Shangazi, ni barua. Herufi nne tu, zikipangwa na kupangwa,
zimefungwa kwenye tone la mafuta lisiloonekana.
Seli inaipokea, inaisomea jikoni,
haiingii nayo chumbani penye kasha la ukoo.
Inapika kilichoagizwa:
kipande cha adui, kipande tu, hakina miguu.
Kisha barua inachanwa.
Wanaobaki ni askari waliokiona.

Ila askari wetu, Shangazi, wanakariri sura,
na kirusi hiki hakikai na sura moja.
Kinajinakili, kinakosea herufi,
na kosa moja katika maelfu linageuka kuwa nguo mpya.
Tulikijua kwa ncha za miiba yake. Kikazibadili.
Tukaandika barua nyingine. Kikabadili tena.
Tunashindana mbio na cherehani.

Ndipo nikasema kikaoni, mbele ya Dakta Ng'wandu
na vikombe vya chai iliyoshika utando:
tuache ncha. Tutazame shina la mwiba,
pale unapojikunja ili upenye.
Kikibadili pale, hakitembei.
Wakanyamaza.
Nikasema: tugeuze mguu.

Baba aliondoka mwaka ule wa mvuke,
tulipomfunika blanketi juu ya sufuria
ya mwarobaini na michaichai, naye akiomba hewa, si joto.
Cheti kiliandikwa "changamoto ya upumuaji."
Neno refu, lenye adabu, lisilo na uso.
Chini ya kitanda tulikuta jozi kumi na moja za watu,
zimeshonwa, hazijalipiwa.
Nilizirudisha kumi.

Saa tisa na robo. Mwinshehe karudi, shati limemganda.
"Dada Tunu, foleni."
"Foleni, saa hizi?"
"Mji mzima kiza."
Tunamimina pamoja, nusu inamwagikia viatu vyetu.
Jokofu linaguna, linakubali.

Sahani ya jana iko mezani.
Damu ya panya waliosoma barua yangu,
na vivuli vya aina saba za kirusi, vivuli visivyouma,
vinavyomulika pale tu vinapofanikiwa kuingia.
Kisima cha kwanza: giza. Cha pili, giza.
Cha tatu, cha nne, cha tano: giza
tulilolitafuta miaka minne.
Cha sita kinapepesa, kama koroboi inayokaribia kuzimika.
Cha saba kinawaka
kama Kariakoo usiku wa kuamkia Idi.

Ile jozi ya kumi na moja ninayo, chini ya meza hii.
Nyeusi, ya kiume, soli haijalika popote,
kama ya mtu asiyekanyaga chini.
Hata Baba hakuwa amemwandika.

Navuta kiti.
Haya, wewe wa saba,
unakanyagia wapi?