Kipimo cha Maji Kupwa

Mtambo unakamua bahari kama nazi kifumbuni:
kasimele hupanda bombani, hadi kwetu hufika,
machicha yanashuka hapa, Mtongwe,
kwa mdomo wa plastiki ulioota ukoga mweupe.

Kila Jumatatu nachovya kijiti cha mita.
"Pima maji yakijaa, Mwanamkuu," husema Bwana Mbwarali,
"bahari ikishiba, tarakimu hutulia."
Hutulia kweli. Arobaini na moja.
Natia sahihi.

Leo bamvua. Nimekuja saa nne, maji yamekupwa,
viatu mkononi. Mwani una rangi ya chai.
Matundu ya kaa yapo; kaa, sijui wamehamia wapi.
Sitini na nane.
Nikasuuza kijiti, nikarudia.
Sitini na nane na nusu,
kana kwamba imekasirika kuulizwa mara mbili.

Fomu ina kisanduku kimoja.
Nikakijaza, kisha nikaandika pembezoni, kwa wino usiofutika,
saa, na hali ya maji,
na jina langu na la baba.

Kiu ikanishika. Nikaenda mferejini, nikakinga viganja.
Matamu, wallahi.
Siwezi kuyasingizia.