Saa Sitini za Bulengo

Fomu ilisema: saa sitini za kujitolea,
zitiwe saini, zigongwe muhuri,
ziambatane na ripoti ya maabara
kabla mwanafunzi mgeni hajarudi kwao.
Nikazikata kama muwa:
Jumamosi kumi na mbili, saa tano tano.
Nilitoka Lushoto na kipimo cha hewa begani
na Kiswahili nilichodhani kimenyooka.

Siku ya kwanza nikawaambia watoto,
"Tafadhali, sogeeni nyuma."
Wakaangushana kwa kicheko.
Hadi jioni hilo likawa jina langu:
Tafadhali, leta jiwe.
Tafadhali, kiatu chako kimepasuka.
Kweli kilikuwa kimepasuka. Mawe ya Goma ni meusi,
yalitoka mlimani yakiwa uji
na bado yana hasira ya kupoa.

Kahambu aliuliza kile kisanduku kinalilia nini.
Nikamtajia hewa ya ukaa, asilimia, joto, kina.
Akaegemea chukudu yake, akanisikiliza hadi mwisho,
kisha akaonyesha bonde dogo lenye nyasi nzuri,
nyasi ambazo hakuna mbuzi aliyezila.
"Hii njo mazuku," akasema.
Neno hilo kwetu halipo.
Nililiandika daftarini, nikaacha nafasi mbele yake.

Akawasha koroboi, akaifunga kamba,
akaishusha bondeni polepole kama mtu anayeteka maji.
Usawa wa kiuno, moto ulisimama.
Usawa wa paja, ukainama.
Magotini ukafa.
Hapakuwa na upepo.

Kisha akajipima mwilini kwa kiganja:
"Hapa, mbuzi.
Hapa, mtoto wa miaka mitatu.
Hapa, mtu muzima akiinama kufunga kiatu."
Kisanduku changu kililia: arobaini kwa mia.
Sote wawili tulikuwa sahihi.
Yeye alikuwa sahihi tangu mwaka aliozika mdogo wake.

Basi tukafanya salongo.
Tulibeba mawe, tukazungushia bonde,
tukayapaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye lango la shule.
Rangi ikaisha tukiwa nusu ya duara.
Jumamosi iliyofuata tukamalizia kwa chokaa,
na bonde likawa na mdomo wa rangi mbili.
Mchana tulikula bugali na sambaza, vidole vina rangi,
na mimi kwenye kona ya ukurasa
naandika: saa tano. Jumla, thelathini na tano.

Asifiwe, miaka saba, alikuwa akinichungulia begani.
"Tafadhali, saa zako zikiisha,
na mazuku itaisha?"

Nilimpa sambaza wangu wa mwisho.
Lile halikuwa jibu, naye alijua,
lakini alimla.

Saa ya sitini ilinyesha.
Kahambu aliisoma fomu yote chini ya turubai,
hata yale maandishi madogo yasiyosomwa na mtu.
Palipoandikwa *Aliyetoa huduma*, akaandika jina lake,
la babake, na la mtaa.
Palipoandikwa *Aliyehudumiwa*, akaandika: Tafadhali.
Akapuliza wino ukauke,
akanirudishia bila kutabasamu.

Ofisi ya masomo imeirudisha mara mbili.
Wanasema kuna makosa, nijaze upya.
Iko mezani, chini ya jiwe jeusi.

Asubuhi ukungu wa Lushoto ukishuka,
ukajaa mashambani hadi kwenye kabichi,
mkono wangu unashuka wenyewe pembeni ya mguu.
Hapa, mbuzi.
Hapa, mtoto wa miaka mitatu.
Asifiwe alinifika kiunoni.
Sasa atakuwa amefika mbavuni, labda zaidi,
wale watu hurefuka haraka.
Namhesabia sentimita.
Saa niliacha kuhesabu.
Ana mdogo wake, ameanza kutembea.
Jina lake sikuuliza.