Nyoka wa Kwanza

Tromsø, Januari, saa sita mchana,
na taa za barabarani bado zinawaka.
Jua liliaga Novemba, halijasema litarudi lini.
Torunn kamshika bintiye mkono juu ya barafu,
wanateleza, wanasimama, wanateleza tena.
Wanakwenda kununua nyoka.

Paka walimjaribu. Siku nne
Sunniva alipiga chafya hadi macho yakaumuka kama maandazi.
Sungura naye, vivyo hivyo.
Chochote chenye manyoya, hapana, akasema daktari.
Basi samaki, akasema Torunn.
Samaki hakumbatiki, akajibu mtoto wa miaka kumi na miwili,
na mama akakosa neno.

Duka ni chumba kimoja nyuma ya fundi baiskeli.
Ukifungua mlango, joto linakupiga usoni kama la tanuri.
Eldar, mwenye duka, yuko na kaptura.
"Msitazame rangi," anasema.
Sunniva ameshatazama rangi:
mweupe, macho mekundu, mwembamba kama kamba ya kiatu.

"Huyo ana miezi miwili. Kwake kila mkono ni mwewe."
Anasogeza kidole kwenye kioo.
Mweupe anajikunja, anarusha kichwa: ta!
"Si ubaya, ni woga.
Na nyumba moja, woga mmoja unatosha."
Alisema hivyo bila kumtazama Torunn,
aliyebaki mlangoni na glavu zake.

Yule chatu je, aliyejiviringa kama kata?
"Mpole kuliko mto wa kulalia.
Ila akinuna hali miezi mitatu,
nanyi mtanipigia simu usiku mkilia."
Na yule wa pete nyeusi na nyeupe?
"Mlafi. Atakuonja kidole akidhani ni chakula.
Si mkali, lakini. Mlafi tu."
"Kuna tofauti?" Sauti ya mlangoni.
"Kwa kidole, hakuna."

Chini kabisa, karibu na ndoo ya maganda ya mbao,
nyoka-mahindi wa miaka mitatu, rangi ya kutu.
Aliyemlea amekwenda kusoma Bergen.
Hakuna aliyemuulizia tangu Krismasi.
Eldar anaingiza mkono kwa ubavuni, taratibu,
"kutoka juu hutoka vinavyomla,"
anambeba katikati, kama abebavyo mtu nguo mbichi,
anamweka kwenye viganja vya Sunniva.

Mwana wa nyoka ni nyoka,
tunasema sisi, na mjadala tumeufunga.
Lakini huyu alikwenda kidole hadi kidole
akiuliza kwa ulimi, akijibiwa, akiuliza tena,
na Torunn akasogea hatua moja. Aone tu.
Hatua moja ilitosha.
Kichwa kikavuka, kikapata upindo wa koti la sufu,
kikaingia.

Mwili wake wote ulipiga kelele: kimbia!
Miguu haikusikia.
Mkono wa koti ulijaa kitu kikavu, kizito,
kilichokuwa na pumzi na kisichokuwa na haraka.
Kwa Kiswahili jina lake ni amri pia: nyoka!
Wao hawajui hilo, na yeye hakutii,
alijipinda kwenye kiwiko, akatulia pale palipo na mshipa.
"Naona amechagua," Eldar akasema,
akaanza kuandika bei ya kipimajoto.

Sasa kuna panya wa barafu
nyuma ya mbaazi kwenye friza,
na kikombe chenye ufa ambacho hakitatiwa kahawa tena.
Kuna kalenda: alikula lini, alijivua gamba lini,
kwa mwandiko wa Sunniva, wino wa kijani.

Torunn hurudi kutoka zamu ya usiku saa kumi na mbili.
Dirisha jeusi. Mlima haupo. Bahari haipo.
Sandukuni tu, taa ndogo inajidai asubuhi.
Hukaa mbele yake na koti mwilini,
akitazama tundu la gogo.
"Haya, toka," hunong'ona.
Hatoki.
Dakika tano zaidi, Torunn hujiambia,
kisha nitalala.