Jiwe la Magaga

Limo mfukoni mwa koti langu,
jepesi kama mkate uliochacha ukakauka,
lina matundu elfu, na katika tundu moja
kimebaki kitu cheupe: sabuni,
au yeye.

Mama aliliokota Uyole, kando ya shimo la kokoto,
mwaka niliozaliwa mimi, au mwaka uliofuata.
Kila akisimulia, mwaka ulihama.
Jumamosi jioni: beseni la bluu, maji ya uvuguvugu,
kanga imekunjwa juu ya magoti,
na jiwe likikwaruza, kwaru, kwaru,
visigino vilivyopanda matuta ya viazi na kuyashuka
hata vikapasuka kama tope la bonde mwezi wa kumi.
“Hili lilichemka,” alisema, “likamaliza hasira zote.
Ndiyo maana halizami.”

Alitutoka Mei. Matanga tumeanua.
Beseni amelichukua shangazi, kanga zimegawanywa,
redio imekwenda na yule aliyedai aliahidiwa.
Jiwe halikuulizwa na mtu.

Kwa hiyo leo, mimi na Tumpe, Kiwira,
ukungu umeishika migomba shingoni,
baridi ya Julai inapita kwenye vifungo vya koti.
Kijana wa kutuongoza anaitwa Ambakisye,
ana gambuti na kitabu cha stakabadhi,
anaandika majina yetu polepole
kana kwamba tunasajiliwa shule.

Kisha tunaliona.
Daraja la Mungu.
Jiwe jeusi limejitandika juu ya mto,
ng'ambo hadi ng'ambo, halina nguzo, halina msumari,
miti imeota mgongoni mwake, nyasi zinaning'inia,
na chini maji yanapita yakinguruma,
ya kijani, yana haraka zao.

Ambakisye anasema: mlima ulitapika,
uji wa moto ukaja bondeni, anauita zaha,
juu ukapoa, ukaganda,
chini maji yakaendelea kutafuta njia
mpaka yakaipata.
“Bibi yangu lakini,” anaongeza, “alisema ni Mungu,
aliona watu wanataka kuvuka.”
Tumpe anamkazia macho:
“Sasa tushike lipi, moto au Mungu?”
“Dada, kiingilio ni kimoja.”

Nikashuka mpaka kwenye ukingo wenye utelezi.
Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga
usiku kucha, kama mtu apangaye magunia.
Mto ukaniuliza kwa sauti kubwa kuliko yangu
na maneno yote yakaisha.
Nikarusha.

Halikuzama. Lilitua kama bata,
likatikisika, likaingia gizani chini ya daraja.
Tukapanda mbio, Tumpe viatu mkononi,
tukavuka juu, tukainama upande wa pili, tukangoja.

Povu.
Jani la mgomba.
Chupa ya maji, kifuniko chekundu.
Jiwe, hapana.

Ambakisye akaenda, akachungulia chini, akarudi.
“Limo humo,” akasema. “Maji yanazunguka kwenye pembe,
na lenyewe linazunguka nayo.
Linagonga mwamba, linarudi, linagonga.”

Tukanyamaza, tukasikiliza.
Usingeweza kulisikia, kwa mto ule.
Mimi nilisikia.

Tumpe aliketi juu ya mgongo wa daraja,
juu ya moto ule uliokwisha,
akakung'uta majani miguuni.
Akasita. Akageuza unyayo kwenye mwanga.
Kwenye kisigino, upande wa nje,
palepale, ufa mmoja,
mwembamba kama uzi.

Akanitazama.
“Na jiwe umeshalitupa,” akasema,
akaanza kucheka, kicheko cha kwanza tangu Mei,
akacheka mpaka kijana wa stakabadhi
akageuka kando kwa adabu,
akajifanya anahesabu miti.