Safu ya Kumi na Nne

Kazi yangu ni kuhesabu.
Si kuvumbua: waliovumbua wana makoti meupe
na darubini zenye chumba chao na kiyoyozi chao.
Mimi nina jedwali la safu kumi na tatu
na dirisha linalotazama kituo cha tramu, mjini Brno.

Ninahesabu makala za chembe za nano.
Mwaka niliozaliwa, tatu. Mwaka jana, elfu na ushei.
Grafu inapanda kama mbuzi jabalini, haitazami nyuma.
Fedha ya kuua vijidudu kwenye maji taka.
Titani inayokunywa jua, ikavunja rangi za viwanda vya nguo.
Kaboni iliyokunjwa mirija, inayonasa risasi na zebaki.
Juzi kila mtu alikuwa na grafini;
leo grafini ni vazi la sikukuu iliyopita.

Ndipo Dokta Hostinský akaniambia:
Vaa buti. Twende ukaone unachokihesabu.

Kiwanda kilikuwa cha bawaba na vitasa.
Miaka thelathini waliosha vyuma kwa kiyeyushi,
na kiyeyushi wakakimwaga nyuma ya ghala,
kwa kuwa ardhi haina mdomo wa kusema imeshiba.
Kikazama. Kizito kuliko maji, kikazama taratibu,
kikapita mchanga, kikapita mfinyanzi palipo na ufa,
kikalala chini kabisa, kikinukia utamu kidogo.

Tulikuta wameshatoboa. Pipa linakorogwa,
ndani yake uji mweusi kuliko masizi:
chuma, ila chuma kilichosagwa
mpaka kusagwa kwenyewe kukachoka.
Unywele wako mmoja, alisema Dokta,
ukiulaza hapa, chembe elfu moja zitajipanga
bega kwa bega ndipo ziuvuke.
Pampu ikaguna. Uji ukashuka.
Huko chini chuma kitaikuta sumu,
kitaipokonya klorini, moja, moja,
na ujira wake ni kutu.

Nilikuwa nimeyasoma hayo mara mia nne.
Sikuwahi kuyasikia yakiguna.

Bi Zdislava Kořínková alikuja na viatu vya bustani,
miaka sabini na tisa, bila salamu ndefu.
Kisima chake kiko hatua sitini kutoka uzioni,
kimefunikwa bati na kufuli la manispaa
tangu mumewe angali hai.
Mumewe aliosha vyuma kwa mikono mitupu,
akirudi nyumbani akinuka kama duka la dobi.
"Nami nikadhani ni usafi."

Alichovya kijiti pipani, kikatoka cheusi.
"Kitaila sumu?"
Kitaila.
"Kikishiba?"
Kitakuwa kutu.
"Na kile kisichopata cha kula, kidogo hivyo,
kitakwenda wapi? Nina viazi. Nina nyungunyungu.
Nina jirani bondeni mwenye bata."

Dokta alijibu kwamba chembe hushikamana,
haziendi mbali, mita chache, kwa kawaida.
Kwa kawaida: neno hilo nalijua.
Hukaa mwisho wa makala,
kabla ya shukrani kwa wafadhili.

Usiku nikafungua jedwali.
Makala mia nne na kumi na mbili za chuma.
Nikazipitia upya nikitafuta bata,
viazi, mtu wa bondeni.
Kumi na tisa.
Saba kati yake ni nyungunyungu wa chupani,
wiki mbili, kisha fedha za mradi zikaisha.

Sisemi wamekosea. Kufika mwezi wa sita
sumu ilishuka robo tatu. Nimeziona chupa,
nimeziona namba, nilitaka kumkumbatia mtu.
Na udogo ule ule ulioniliwaza
ndio ulioninyima usingizi.

Manispaa walipokuja kufungua kisima
ufunguo ulikatikia ndani, kufuli limeliwa na kutu.
Bi Zdislava akacheka hata akashika uzio.
Walipokata kwa msumeno, wakamjazia bilauri ya kwanza.
Akainusa. Akaiweka ukingoni,
akaenda zake kung'oa vitunguu.

Nimeongeza safu ya kumi na nne.
Bado haina kichwa. Ni visanduku vitupu,
vinashuka, vinashuka,
kama kamba ya ndoo.