Kalamu Mbili

Wizara ilinituma Harjulampi, kaskazini mwa Ufini,
na kalamu mbili na waraka wenye mhuri:
serikali italipa theluthi ya mshahara
kwa kila saa ambayo mtambo utalala,
ili asifukuzwe mtu kabla ya majira ya joto.
Sharti: waketi meza moja kila Alhamisi,
na daftari la hesabu lifunguliwe.

Theluji ilikuwa imefika madirishani.
Upande wa hita walikaa wenye kiwanda,
upande wa mlango, walioingia na baridi mabegani.
Hilo sikuliandika. Fomu haina safu yake.

Alhamisi ya kwanza niliandika "kimya" mara nne.
Bwana Hietanen alikunja vidole kama anayehesabu deni.
Aune Kortelainen, msemaji wa zamu ya usiku,
hakuvua koti.
Mkate wa iliki ulibaki mzima sahanini;
nikaula peke yangu kwenye treni,
nikijiuliza kama fedha ya umma
imewahi kununua neno moja
kutoka mdomo uliofumbwa.

Alhamisi ya tatu daftari likaja.
Hietanen alilisukuma polepole
kama mtu anayemwonyesha daktari kidonda
alichomficha hata mkewe.
Aune akavaa miwani, akafuata mistari kwa ukucha,
akakwama kwenye wa kumi na tisa.

"Mafuta ya boila. Yamepanda hivi?"
"Yamepanda. Wahandisi hawajui kwa nini."

Akamgeukia Jarkko, fundi bomba. "Haya, sema."
Jarkko akasema huku akiitazama meza:
"Vali ya juu ya paa, mtambo wa tatu.
Inavuja tangu theluji ya mwaka juzi.
Usiku tunauona mvuke ukienda zake juu ya misonobari.
Tulidhani mnajua.
Hakuna aliyetuuliza."

Niliandika neno kwa neno.
Hapo kalamu ya kwanza ikakauka.

Serikali haikuziba vali ile.
Haikujua hata kama kuna paa.
Ilichofanya ni kulipia viti
mpaka waliovikalia wakachoka kunyamaza,
na sijui kama hilo ni dogo au ni kubwa;
wizarani nilipoulizwa nilijibu, "Linaendelea."

Lakini orodha ilikuwa imeshachapwa.
Ruzuku haikuwatosha wote: majina sita,
na la nne lilikuwa la Jarkko,
limepigwa chapa siku tatu kabla hajafumbua kinywa.
Aune alilisoma kwa sauti.
Akalisoma tena.
Hita ikagugumia. Nje, lori la magogo likarudi nyuma
likilia mlio wake wa tahadhari.

Hietanen alipapasa mifuko ya koti, yote miwili,
kisha akaninyoshea mkono mtupu.

Nilikuwa nimebaki na kalamu moja. Nikampa.

Ndiyo maana kilichofuata
hakimo kwenye kumbukumbu.