Ufunguo wa Pili

Kisumu, ghorofa ya tatu, baridi ya mashine.
Chupa ya maji mbele ya kila mtu, kalamu mpya,
na jina langu kwenye kadi:
Nerea Adoyo, Zahanati ya Kasi—
silabi ya mwisho imemezwa na pini ya stepla.
Dirishani, gugumaji limeijaza ghuba.
Mada: huduma za msingi na za dharura,
mpango wa miaka mitano ijayo.

Ramani ikaangazwa ukutani.
Kasiru ni nukta ya buluu
na duara kuizunguka, kilomita tano,
watu elfu nne mia mbili.
Duara safi. Halijakanyaga tope jeusi la Kano
mwezi wa Aprili, likikuvua kiatu kimoja
na kukudai cha pili.

Nikainua mkono. Nikasema, mto ulipofurika
wenzetu wa ng'ambo walihamia tuta letu,
wakaja na mbuzi, na vikohozi, na mimba zao,
na hawajarudi. Tukiwatia hao, tunafika elfu saba.
Bwana Oluteyo wa mipango, mtu mpole,
akaandika kitu, akakifuta.
"Hao ni wa zahanati nyingine, Sista.
Tukiwaweka kwako watahesabiwa mara mbili."
Nikaketi.
Dawa zao hazijahesabiwa hata mara moja.

Simu ikatetemeka mkobani.
Lavenda, mwanafunzi, mwezi wake wa pili wa mafunzo:
"Sista, kuna mtoto ana degedege, macho yamegeuka.
Kabati limefungwa. Ufunguo uko wapi?"

Nikatia mkono.
Risiti ya unga. Peremende. Shilingi arobaini.
Na ufunguo,
umepata joto pajani mwangu,
kilomita thelathini kutoka kwenye tundu lake.

"Mpe Sewe simu. Sewe, jembe liko wapi?"
"Nyuma ya choo."
"Vunja."

Hakuna aliyeniambia kipaza sauti bado kiko wazi.
VUNJA, ikasema dari.
Watu hamsini wakageuka.
Mhudumu wa sambusa akasimama, sinia begani.
Kisha wote tukasikia, chuma kwa chuma,
mara tatu, na kitu kikaanguka sakafuni Kasiru.

"Lavenda, mpime kwanza. Kilo ngapi?"
"Kumi na moja na nusu."
"Karatasi ya vipimo iko ukutani, juu ya sinki. Nisomee."
Akasoma. Neno kwa neno, namba kwa namba,
sauti nyembamba kama sindano aliyoishika,
na ukumbi mzima ukamsikiliza.
Hajui hilo mpaka leo.

Halafu tukaenda chai.

Alasiri tuligawiwa fomu ya mapendekezo.
Wa Ahero aliandika ambulensi.
Wa Nyakach, jenereta, na mafuta ya jenereta,
kwa sababu mwaka jana walipewa moja bila ya mengine.
Mimi niliandika: ufunguo wa pili.
Chini yake: na mtu wa kuushika.

Oluteyo alivua miwani.
"Hii niiweke kifungu gani? Vifaa au wafanyakazi?"
Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kweli.
Naye ana jedwali la safu kumi na mbili
na mkubwa wake anayelingoja kabla ya Ijumaa.
Nilimwambia sijui.

Mtoto alifumbua macho saa nane.
Jumatatu mamaye alimleta kukaguliwa,
anatafuna muwa mrefu kuliko mkono wake,
utomvu kidevuni.
Ni wa ng'ambo, hao wasiohesabika.
Nikafungua rejista, nikaweka umri, nikaweka uzito,
na kwenye safu ya kijiji
nikaandika Kasiru, kwa wino.

Kufuli jipya bado halijaletwa.
Kabati tumelifunga kwa mpira wa dripu,
fundo moja, la upande wa kushoto,
ambalo Lavenda amejizoeza kulifungua
huku amefumba macho.